Jioni Ng'ombe Huhesabiwa

Kila mwenye ng'ombe ajua desturi hii. Asubuhi humpa mchungaji fimbo na kundi. Jioni, kundi linaporudi, mwenyewe husimama penye mlango wa zizi, akahesabu. Mchungaji mwema hakasiriki. Hasemi: «Wanidharau, wanihesabia kama mwizi.» Yeye mwenyewe hutaja waliorudi, na kama mmoja amevunjika mguu husema ni wapi na kwa sababu gani. Lakini mchungaji akianza kununa kwa sababu ya kuhesabiwa, hapo mwenye kundi huanza kuogopa, naye ana haki ya kuogopa.

Sisi raia wa Kongo tuna wachungaji 500 katika Baraza la Taifa kule Kinshasa. Twawapa fimbo kwa kura yetu, kwa muda wa miaka 5. Basi twauliza: jioni inapofika, nani husimama penye mlango wa zizi?

Mwaka 2023, majuma machache mbele ya uchaguzi wa tarehe 20 ya mwezi wa 12, tulikuwa katika kijiji kimoja cha upande wa Walungu. Mbunge mmoja akafika kuomba kura tena. Hatumtaji jina, maana shauri letu si la mtu mmoja. Alikuja na magari mawili na muziki, akaleta sabuni, chumvi, na vitenge vyenye picha yake. Watu wakapiga vigelegele. Kisha mzee mmoja akasimama, akavua kofia, akasema: «Mheshimiwa, mwana wetu, tunashukuru kwa sabuni. Lakini utuambie neno moja tu. Tangu tulipokutuma, sheria ulizozikubali ni zipi, na zile ulizozikataa ni zipi?» Mbunge akacheka. Akajibu: «Baba, mambo ya Bunge ni marefu. Kule twafanya kazi pamoja, na kura ni ya chama.» Vijana wakamzomea mzee, wakamwambia akae chini. Muziki ukaanza tena.

Tumelikumbuka jambo hili mara nyingi. Mzee yule hakutukana mtu, wala hakuomba feza. Aliomba hesabu. Na tazameni: aliyezomewa ni mwenye ng'ombe, na aliyepigiwa vigelegele ni mchungaji aliyekataa kuhesabiwa! Neno hilo ndilo tunalotaka kupigana nalo leo. Twasema wazi: mbunge anayekubali sheria inayowaumiza watu anapaswa kujibu mbele ya wale waliomtuma, kwa jina lake mwenyewe, si kwa jina la chama. Na sisi, tusipomwuliza, tumeshiriki kosa lake.

Mlango wa korti na mlango wa nyumbani

Kwanza tuseme haki. Hatutaki mbunge afungwe kwa sababu ya kura yake. Katiba yetu ya mwaka 2006, katika kifungu cha 107, yasema ya kama mbunge hawezi kushtakiwa, wala kukamatwa, wala kuhukumiwa kwa sababu ya maoni au kura aliyoitoa katika kazi yake. Wengine hunung'unika juu ya kifungu hiki. Sisi twakiona kuwa chema, na tuna ushuhuda. Mwaka 1980, wakati wa Mobutu, wabunge 13 walimwandikia barua ndefu wakimwonyesha mabaya ya utawala wake. Walinyang'anywa ubunge, wakakamatwa. Hapo ndipo tunapoona serkali hufanya nini pasipo ngao hiyo: huwafunga wale wanaosema «hapana», na wale wanaosema «ndiyo» hulala salama.

Kwa hiyo mlango wa korti umefungwa, na umefungwa kwa haki. Lakini sikilizeni vizuri: sheria iliyoufunga mlango wa korti haikuufunga mlango wa nyumbani. Kinyume chake! Kwa kuwa hakimu hawezi kumwuliza, ni sharti mchaguzi amwulize. Mpishi hutoa hesabu ya feza ya sokoni. Dereva hutoa hesabu ya mafuta. Mwalimu hukaguliwa na mkaguzi. Sisi makatekista, kila mwaka padri huja akatazama daftari letu: waliobatizwa ni wangapi, wanafunzi wa mafundisho ni wangapi, mchango umekwenda wapi. Je, katika nchi yote, mbunge tu awe mfanyakazi asiye na wa kumwuliza?

Wala kura ya sheria si siri. Katiba hiyohiyo yasema ya kama vikao vya Baraza la Taifa na vya Seneti ni vya watu wote, ila ikiwa kwa shida ya pekee imeamriwa kufunga milango. Yasema ya kama habari za mabishano zitangazwe katika vitabu vya Bunge. Tena yasema ya kama, sheria inapopigiwa kura nzima, wabunge waitwe kwa majina na kujibu kwa sauti. Kwa majina, na kwa sauti! Mzee wa Walungu aliuliza neno ambalo Sheria Kuu ya nchi imeamuru lisemwe wazi. Basi aliyekosa adabu siku ile si yeye.

Mikono iliyoinuliwa mwaka 2011

Sasa tutoe mifano, maana maneno yasiyo na mfano hupita kama moshi.

Katiba ilipoanza, mwaka 2006, Rais alichaguliwa kwa duru mbili. Asipopatikana mtu mwenye zaidi ya nusu ya kura, wawili wa kwanza walirudi mbele ya raia. Ndivyo ilivyokuwa: duru ya kwanza mwezi wa 7, duru ya pili mwezi wa 10, na mshindi alipata zaidi ya kura 58 juu ya 100. Waliomchagua na waliomkataa walijua ya kama nusu ya wapiga kura na zaidi wamemtaka.

Mwezi wa kwanza wa mwaka 2011, mabaraza mawili yakakaa pamoja katika Kongresi, yakageuza vifungu 8 vya Katiba. Tarehe 20 ya mwezi huo sheria ikatiwa sahihi. Kifungu cha 71 kiligeuzwa: toka siku ile duru ni moja tu, na mwenye kura nyingi kuwapita wengine ndiye Rais, hata kama wengi wa wapiga kura hawakumtaka. Raia hawakuulizwa, maana Kongresi ikiwa na sehemu tatu juu ya tano za kura yaweza kugeuza Katiba pasipo kuwaita raia. Mambo yalimalizika upesi kuliko shauri la mpaka wa shamba kwa sultani.

Walisema: «Duru mbili zala feza nyingi.» Ni kweli, uchaguzi wala feza. Lakini tutazame matunda. Mwaka 2011 mshindi alitangazwa kwa kura 48,95 juu ya 100, na matokeo yakaleta ugomvi. Mwaka 2018 mshindi alitangazwa kwa kura 38,57 juu ya 100. Yaani katika kila wapiga kura 100, 61 na zaidi walimtaka mtu mwingine. Hatusemi ya kama ugomvi wote wa nchi umetoka katika kifungu hicho. Twasema ya kama duru ya pili ilikuwa dawa ya ugomvi wa namna hiyo, na dawa hiyo ilitupwa shimoni na watu tuliowatuma kulinda nyumba.

Tena kuna jambo dogo ambalo wengi hawalijui. Katika sheria ileile, kifungu cha 110 nacho kiligeuzwa: mbunge anayeitwa kuwa waziri, siku anapoacha uwaziri, arudie kiti chake. Sisi tulipoteza duru moja, wao wakapata kiti cha kurudia. Tulipokwenda kupiga kura mwezi wa 11 wa mwaka ule, nani alimwuliza mbunge wake: «Ulijibu nini jina lako lilipoitwa?» Wachache mno. Tulikuwa tunatazama vitenge.

Juma moja la mwaka 2015

Mfano wa pili waonyesha ya kama raia akiamka, Bunge husikia.

Tarehe 17 ya mwezi wa kwanza, mwaka 2015, Baraza la Taifa lilikubali sheria ya uchaguzi iliyosema ya kama uchaguzi ufuate kwanza hesabu ya watu wote wa nchi. Kuhesabu watu si neno baya. Hesabu ya mwisho ya watu wa Kongo ni ya mwaka 1984! Lakini muda wa Rais ulikuwa unaisha mwezi wa 12 wa mwaka 2016, na kila mtu aliyewahi kusafiri toka Shabunda hata Bukavu wakati wa mvua alijua ya kama hesabu hiyo haiwezi kumalizika upesi. Maana yake ilikuwa wazi: uchaguzi ungoje.

Tarehe 19 watu wakatoka barabarani, Kinshasa, na miji mingine pia, hata Goma na Bukavu. Watu makumi wakafa kwa risasi. Tarehe 23 Seneti ikaondoa maneno yale. Tarehe 25 Baraza la Taifa nalo likayaacha. Siku 8 tu!

Tunasoma nini hapo? Twasoma mambo mawili. La kwanza: lililogeuzwa laweza kurudishwa. Wale wanaosema «Sisi wadogo, Bunge ni la wakubwa» wamekosa. La pili ni chungu: waliokubali tarehe 17 na walioacha tarehe 25 ni Baraza lilelile. Kama neno lile lilikuwa jema, mbona walilitupa? Na kama lilikuwa baya, nani alirudi kwao akasimama mbele ya watu akasema: «Nilikosa, na kwa kosa langu watoto wa watu wamezikwa»? Sisi hatukumsikia hata mmoja. Mtoto akivunja chungu cha jirani, twampeleka kuomba msamaha na kulipa. Mbunge akivunja amani ya mji, twamwita tena Mheshimiwa.

Na uchaguzi ulichelewa hata hivyo. Ulifanyika tarehe 30 ya mwezi wa 12, mwaka 2018. Wabunge waliochaguliwa mwaka 2011 kwa miaka 5 walikaa miaka 7. Maseneta waliochaguliwa mwaka 2007 walikaa miaka 12. Katiba yawaruhusu kukaa hata wapya watakapowekwa, hilo twalijua. Lakini mchungaji ambaye muda wake waongezeka kila mara mwenye kundi anapochelewa kuja, je, atafanya bidii kumwita?

Siku 15, kisha 15, kisha 15

Mfano wa tatu ni wa huku kwetu, Kongo ya Mashariki.

Mwezi wa 5 wa mwaka 2021 Rais aliweka Ituri na Kivu ya Kaskazini chini ya utawala wa askari, ile hali ambayo wenyeji wameizoea kwa jina lake la Kifaransa, état de siège. Magavana wa kiraia wakaondolewa, mabaraza ya majimbo yakafungwa mdomo, raia wakapelekwa mbele ya korti za askari. Shabaha yake ilisemwa kuwa njema: kumaliza mauaji. Watu wengi wa Beni na wa Bunia waliifurahia mwanzoni, kwa maana waliokuwa wakizika kila juma wangekubali dawa yoyote.

Lakini Katiba, katika kifungu cha 144, haikumwachia Rais peke yake. Siku 30 za kwanza zikiisha, Bunge ndilo linalokubali kuendelea, siku 15 kwa siku 15. Tena Bunge laweza kuimaliza hali hiyo kwa sheria siku yoyote. Sababu gani siku 15 tu? Ili kila mara wabunge waulize: waliokufa ni wangapi, barabara ipi imefunguliwa, feza imekwenda wapi, kijiji kipi kimerudiwa na watu wake? Siku 15 ni jioni ya kuhesabu ng'ombe.

Nao walifanya nini? Waliongeza siku 15, wakaongeza tena, na tena, mara makumi, mwaka baada ya mwaka. Wakati huohuo mauaji ya Beni, ya Irumu na ya Djugu hayakukoma. Kundi la M23 lilirudia vita mwisho wa mwaka 2021, likatwaa Bunagana mwezi wa 6 wa mwaka 2022, na Goma yenyewe ikaanguka mwezi wa kwanza wa mwaka 2025. Mwezi wa 8 wa mwaka 2023 serkali iliita mkutano Kinshasa kuuliza juu ya hali ile, na wengi wa waliohudhuria wakasema iondolewe. Maswali yaliyoulizwa siku zile yalipaswa kuulizwa kila baada ya siku 15, toka mwaka 2021.

Tuwe wa haki hapa pia. Wabunge wengi wa Ituri na wa Kivu ya Kaskazini walipinga kuongeza, hata wengine wakakataa kuingia kikaoni. Kwa nini wao? Kwa sababu wao huulizwa. Wakirudi kwao wanakuta makaburi mapya, na mama za marehemu huwashika mkono. Wenzao wa mbali hawakuulizwa na mtu. Mkono wa asiye na kaburi kule ni mwepesi kuinuka. Basi mwaona ya kama shauri letu si ndoto: mbunge anayeulizwa nyumbani huinua mkono kwa kufikiri.

Visingizio vitatu

Cha kwanza: «Chama kimeniamuru.» Wengine huongeza elimu, husema: «Kifungu cha 101 chasema ya kama mbunge ni wa taifa zima, na amri yoyote ya kumfunga katika kura ni bure. Ninyi wachaguzi hamwezi kuniamuru.» Vema! Twakubali. Lakini neno hilo hukata pande zote mbili. Kama wachaguzi hawawezi kumwamuru, chama nacho hakiwezi. Hawezi kujifunika kifungu hicho anapozungumza nasi, kisha akakivua anapozungumza na mkubwa wa chama. Tena kuuliza baadaye si kuamuru mbele. Mchungaji huchagua malisho mwenyewe, maana yeye ndiye aliye porini. Lakini ng'ombe huhesabiwa. Twajua pia ya kama mbunge anayeacha chama chake kwa kusudi hupoteza kiti, na hofu hiyo ni ya kweli. Lakini sheria yasema juu ya yule anayekiacha chama. Haisemi ya kama kukataa sheria mbaya ni kukiacha.

Cha pili: «Nimewajengea daraja, nimeleta mabati ya shule.» Asante kwa mabati. Lakini kifungu cha 100 chaonyesha kazi ya Bunge: kutunga sheria, na kuikagua serkali na mashirika yake. Daraja ni kazi ya serkali, na kazi ya mbunge ni kuiuliza serkali mbona daraja halipo. Mbunge anayenunua mabati kwa mkono mmoja, na kwa mkono mwingine akubali hesabu ya feza ya nchi pasipo kuisoma, ametupa matabishi kutoka katika mali yetu wenyewe. Sadaka haifuti deni.

Cha tatu chatuhusu sisi: «Walimu wa dini, siasa si kazi yenu.» Twajibu: kuvisifu vyama katika kanisa si kazi yetu, na katekista anayevaa kitenge cha mgombea penye altare amekosa. Lakini kumfundisha mtu ya kama kila tendo lina mwenyewe, na ya kama aliyeharibu hutengeneza, hiyo ndiyo kazi yetu ya kila juma. Hatujui kosa hata moja linalofutika kwa sababu lilitendwa na watu 300 pamoja.

Kosa letu wenyewe

Sasa tujitazame na sisi, ndugu, maana kumsema mbunge aliye Kinshasa ni rahisi.

Nani aliyemzomea mzee? Ni sisi. Nani huuliza «Ametuletea nini?» badala ya «Amefanya nini?» Ni sisi. Kipande cha sabuni huisha katika majuma mawili. Duru moja ya mwaka 2011 ilitutawala hata katika uchaguzi wa mwaka 2023. Pigeni hesabu wenyewe kama bei hiyo ni nzuri.

Tena twasema: «Ni mtoto wa kwetu, tumfiche.» Watu wa kabila lake humlinda mbunge wao kama vile kumwuliza ni kumtoa kwa adui. Wahenga walisema: mchuma janga hula na wa kwao. Sheria mbaya haiulizi kabila. Mbunge wa kwetu akikubali sheria inayotuumiza, undugu wake waongeza deni lake, maana alijua ni nani atakayeumia.

Wengine nao, wakichoka, hutaka kuvunja: mawe kwa gari lake, moto kwa nyumba yake. Hapana! Anayechoma nyumba ya mbunge amempa sababu ya kutojibu kamwe. Siku ile mbunge huwa ndiye aliyeonewa, na maswali huzikwa pamoja na majivu.

Tufanye nini?

Tufanye mambo manne, yasiyohitaji feza wala bunduki.

Moja: daftari. Katika kila kijiji na kila mtaa mtu mmoja anayejua kusoma awe na daftari la wabunge wa pale. Aandike sheria kubwa, tarehe yake, na jibu la mbunge. Redio husema, magazeti husema, vitabu vya Bunge vipo kwa sheria. Na mbunge akiulizwa jibu lake akalificha, iandikwe hivyo: «Ameficha.» Hilo nalo ni jibu.

Mbili: baraza. Kazi ya kawaida ya Bunge huanza tarehe 15 ya mwezi wa 3 hata tarehe 15 ya mwezi wa 6, kisha tarehe 15 ya mwezi wa 9 hata tarehe 15 ya mwezi wa 12. Siku zinazobaki ni nafasi ya kurudi kwa waliomtuma. Basi aitwe barazani kwa heshima, apewe kiti na maji ya kunywa, aulizwe. Asingojewe mpaka wakati wa vitenge.

Tatu: barua. Kifungu cha 27 champa kila Mkongomani haki ya kuiandikia serkali na wakubwa wa nchi, peke yake au pamoja na wengine, nao wanapaswa kujibu katika miezi 3. Barua ya mtu mmoja hupotea. Barua yenye majina ya vijiji 20, na nakala yake kubaki kwa mwalimu wa shule, haipotei kwa urahisi.

Nne: kura. Aliyekubali neno la kuumiza na hataki kujibu, asirudishwe, hata kama mama yake ni shangazi yetu. Twajua hapa pana kizuizi: tangu sheria ya mwaka 2017 chama kisichopata kura 1 juu ya 100 katika nchi nzima hakigawiwi kiti, hata mtu wake akipendwa sana kwao. Hiyo nayo ni sheria yenye watu walioikubali. Iandikwe katika daftari.

Mwezi wa 10 wa mwaka 2024, kule Kisangani, Rais alisema hadharani ya kama ataunda tume ya kuitazama Katiba upya. Maneno ya kugeuza Katiba, hata yakilala mwaka mmoja, huamka mwaka mwingine, na kila yanapoamka hutafuta mikono ya wabunge. Kifungu cha 220 chakataza kugusa hesabu ya miaka na ya vipindi vya Rais. Lakini kifungu hakina miguu wala mdomo. Kitasimama kama kuna mtu wa kuuliza, kwa jina na kwa sauti, na kitaanguka kama mwaka 2011, kimyakimya, tukiwa tunatazama mahali pengine.

Basi, ndugu wasomaji, siku mbunge atakapofika tena kijijini, na mzee mmoja akasimama na kuvua kofia, tusimwambie akae chini. Tuuzime muziki. Tusimame naye penye mlango wa zizi, tumsaidie kuhesabu.